Komeo la Mama Mkwe

Pikipiki ya fundi rangi ilikuwa kuukuu, na ilikohoa. Majirani waliibandika jina la Kifaduro, naye alicheka nao. Kilichomchoma moyo ni komeo. Kila jioni, Kifaduro kikishakohoa getini, mama mkwe wake, ng'ambo ya ua, alifunga mlango na kusukuma komeo kwa nguvu, kama mtu anayejikinga na mwizi.

Tangu mkewe azikwe, walibaki wawili tu pale uani. Hawakugombana. Aliyewaunganisha alikwenda na maneno yao, wakawa wanapishana kama wapangaji. Upweke ulimkaba fundi hata akaanza kuzungumza na makopo ya rangi, na makopo, kwa adabu zao, hayakumkatiza.

"Ni huu mlio," alijiambia siku moja ya mapumziko. "Nani atampenda mkwe mwenye makelele?"

Akafungua kabureta, akaitandaza juu ya gazeti. Chemba ya mafuta ilijaa kutu laini kama unga. Jeti, kile kitundu kidogo kinachopitisha petroli kuelekea kwenye injini, ilikuwa imeziba. Hakuichokoa kwa waya, maana waya hupanua tundu, na hapo umeharibu ukidhani unatengeneza. Aling'oa unywele mmoja wa brashi yake ya rangi, akauchovya kwenye petroli, akazibua polepole, akapuliza, hadi akaona mwanga upande wa pili. Akabadilisha gasketi, akafunga kila kitu mahali pake. Injini ilipopata moto, akageuza skrubu ya hewa kidogo kidogo, sikio ameliinamisha. Mlio ukachangamka, akazidisha, ukalegea, akairudisha pale ulipochangamka, akaiacha. Kikohozi kikakoma.

Kesho yake jioni alizima injini kabla ya kufika getini, akaisukuma pikipiki hadi ndani kwake. Akasimama chumbani kwake akitega sikio. Komeo halikulia.

"Amenisamehe," akasema, ingawa hakujua kosa lake. Akalala fofofo, mara ya kwanza tangu msiba.

Alfajiri alitoka kuchota maji. Mlango wa mama mkwe ulikuwa wazi. Bibi kizee ameketi kizingitini, shali mabegani, macho mekundu yakitazama geti.

"Umetokea wapi, mwanangu?" akauliza. "Sikukusikia ukirudi."

"Nilirudi jana, mama. Nilikuwa nimelala."

"Ulilala." Akashika fremu ya mlango, akanyanyuka kwa shida. "Mimi nilikaa. Huwa sifungi mpaka uingie. Hilo likohozi lako ndilo linaloniambia watu wa nyumba hii wametimia."

Fundi aliona aibu, na chini ya aibu ile kulikuwa na furaha iliyomuuma. Miezi yote ile alikuwa akingojewa, naye akidhani anafungiwa.

Jioni ile alizima injini palepale getini. Skrubu hakuigusa tena. Akasafisha koo mara mbili, maana halikuzoea kuita mtu.

"Mama, nimerudi."

Sauti ikajibu kutoka ndani, "Haya, baba. Sasa nafunga."

Komeo likasukumwa kwa nguvu, kama siku zote.