Maji ya Majivu

Dorkas aliisugua sakafu mpaka goti likachubuka, na hata kuchubuka kwenyewe alikujua kwa macho tu, alipoona doa jekundu kwenye sementi. Maumivu hayakuwapo. Akalifuta doa kwa tambara, akahamia pembe nyingine. Jamani, kuna watu wakipatwa na jambo hulia mpaka mtaa mzima ukajua, na kuna watu wa aina ya Dorkas, wanaogeuka gogo. Huyu aligeuka gogo tangu masika, na mtaa wetu wa Nyakato, hapa Musoma, ulikuwa umeshachoka kumshangaa.

Siku hiyo mama mkwe wake alikuwa anakuja kutoka Butiama kukagua nyumba. Akiridhika, mtoto Debora anabaki kwa mama yake. Asiporidhika, anarudi naye Butiama. Ndiyo habari yote; mengine ni nyongeza.

Basi tukiseme kilichotokea, maana watu wamekitia chumvi mpaka kimekuwa kitu kingine. Dorkas alikuwa dobi. Aliletewa mashuka, sare za shule na kanzu za kwaya, akafua na kupiga pasi pale pale nyumbani. Weupe wa kanzu zile ulikuwa gumzo makanisani. Na siri yake wala haikuwa siri: dukani kuna dumu la dawa ya kung'arisha nguo, unapeleka chupa yako, unapimiwa. Na watu wanapelekaga chupa gani? Ya maji ya kunywa! Nyumba ngapi hapa Musoma zina dawa ndani ya chupa ya maji? Usinijibu mimi. Nenda kaangalie dirishani kwako kwanza.

Siku ile ya masika alikuwa anapiga pasi, mkaa umekolea, mteja amesimama mlangoni anamharakisha. Debora, mtoto wa miaka minne, akamvuta gauni. "Mama, kiu." Dorkas akanyoosha mkono dirishani bila kugeuza kichwa, akafungua kizibo, akampa. Mtoto hakuiba wala hakupekua. Alipewa na mama yake mzazi, akanywa.

Hakufa, Mungu ashukuriwe. Koo liliungua, likapona kwa kujikunyata na kuwa jembamba. Wakampeleka hospitali kubwa Mwanza, madaktari wakalitanua, likaziba, wakalitanua tena. Alipotoka huko, bibi yake, Mama Agness, ndiye huyo mama mkwe, alimbeba moja kwa moja mpaka Butiama. "Mjukuu wangu harudi kwenye nyumba yenye dawa," alisema, na mama huyo akisema kitu amesema. Lameck, mume wa Dorkas, ni fundi wa magari huko Bunda na hurudi nyumbani Jumapili. Siku mtoto anabebwa alitazama viatu vyake tu. Hakumlaumu mkewe kwa neno hata moja, si siku ile wala baadaye, na nyumba ikawa kimya kama kuna mgonjwa amelala.

Dorkas akatupa kila kitu: dawa ya nguo, dawa ya choo, dawa ya mende, hata ile ya kunukisha chumba. Kisha Mama Agness akaanza kumfundisha usafi wa kizamani kwa simu, kwa ukali utadhani anafundisha kwata. Akamtumia kiroba cha majivu ya mabua ya mtama. Unatoboa ndoo kitakoni, unatandika kitambaa, unajaza majivu, unamwagia maji taratibu. Yanayodondoka chini yana rangi ya chai isiyokolea na yanateleza vidoleni. Hayo ndiyo sabuni. Unaloweka mashuka humo, unayafikicha, unayasuuza, unayaanika yakiwa bado yanachuruzika ili jua liyamalizie madoa. Kola na makwapa unasugua kwa majani ya mpapai yaliyopondwa. Chooni ni maji yanayochemka, majivu makavu na fagio gumu. Vioo, ndimu na gazeti.

Mara ya kwanza alijitia ujanja, akakamulia ndimu ndani ya maji ya majivu, akidhani nguvu mbili zikikutana zitazaa ya tatu. Wapi! Mashuka yakatoka na uchafu wake uleule.

"Wewe mwana wewe!" Mama Agness akafoka simuni. "Ndimu na majivu ni wake wenza. Ukiwaweka jiko moja hakuna atakayepika!"

Zamani Dorkas angecheka mpaka akae chini. Sasa alisema tu, "Sawa mama," akamwaga, akaanza upya.

Kanzu za kwaya zilihamia kwa madobi wengine. Weupe wa majivu ni weupe, lakini si ule wa kuumiza macho, na watu wa kwaya wanapenda kuumiza macho. Jirani yake, Jenipher, akaona amshauri. "Dada, si ununue dawa kidogo tu, uifiche juu ya kabati? Mama mkwe yuko Butiama, ataonea wapi?"

"Sitaki."

Jenipher akaenda kutangaza kisimani kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Maneno mazuri, ila hayakumhusu Dorkas. Kushtuka ni kuwa na kitu ndani, na ndani ya Dorkas hapakuwa na kitu. Alikuwa anafanya anachoambiwa kwa sababu mwisho wa kufanya anachoambiwa palikuwa na Debora. Akasugua, akasuuza, akaanika. Asubuhi akaamka akasugua tena palipo safi.

Siku ya ukaguzi, Mama Agness na mjukuu wake walifika jua likiwa limepanda, kwa bodaboda. Debora alishushwa kwanza. Alikuwa amerefuka na kukonda, amevalishwa gauni jipya na kitambaa kilichofungwa shingoni. Akasogea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Alivyoinamisha kichwa ndivyo wanavyoinamishaga watoto waliofunzwa vizuri, mbele ya mgeni.

"Marahaba," Dorkas akasema. Alitaka kumbeba. Mikono haikunyanyuka.

Mama Agness hakukaa. Alivua viatu, akaingia ndani, akainua godoro, akachungulia uvunguni, akanusa mapazia. Akaenda chooni, akachuchumaa, akapitisha kidole pembeni mwa sinki, akanusa kidole. Kila chupa aliyoiona aliifungua, na kila chupa ilikuwa tupu. Dorkas alimfuata nyuma kama mwanafunzi.

Nje, juu ya chanja ya kuanikia vyombo, palikuwa na ndoo yenye mfuniko. Mama Agness akafunua, akachovya kidole, akakifikicha, akagusisha ulimini. Akatema mate papo hapo.

"Haya umeyafanyaje?"

"Nimeyapitisha tena kwenye majivu mapya, mama. Nikayarudia tena. Yawe na nguvu, yatoe madoa."

"Nguvu! Haya yanababua, mama Debora! Unafikiri kwa vile yametoka jikoni ni malaika? Majivu yakizidi kukolea nayo ni moto. Hebu lete mikono."

Dorkas akaitoa mikono. Ngozi ya viganja ilikuwa imevuka, na kati ya vidole palikuwa na mipasuko myekundu, mibichi. Akaitazama pamoja na mkwewe, kama vile inatazamwa mikono ya mtu mwingine.

"Na hukusikia yanachoma?"

"Sikusikia."

Mama Agness alikuwa na maneno makali mdomoni, mtu yeyote angeyaona. Akayameza. Alichukua ndoo ya maji safi, akayachanganya na yale makali kidogo kidogo, akifikicha kidole kila mara. "Yateleze bila kuuma," akasema kwa sauti ya chini. "Na ndoo uiweke juu hivi hivi. Hapo umefanya vizuri." Akamaliza, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Pole, mwanangu. Nyumba ni safi. Mimi nimeridhika. Mtoto abaki kwa mama yake."

Akauchukua mfuko wa nguo za Debora, akauingiza chumbani, akauweka juu ya kitanda.

Hapo ndipo ungetegemea vigelegele. Dorkas alisema asante, akaangalia huku na huku afanye nini, akaona mtoto anajilamba midomo. Jua lilikuwa kali na safari ilikuwa na vumbi.

"Una kiu, mama'ngu?"

Debora akamtazama bibi yake, kisha akaitikia kwa kichwa.

Dorkas akaenda kwenye mtungi wa maji aliyoyachemsha jana, akachota, akamimina kwenye kikombe cha bati mbele ya macho ya wote. Akampa. Debora akakipokea, akachungulia ndani, akanusa. Akakirudisha.

"Kunywa wewe kwanza, mama."

Dorkas akanywa. Mtoto alikuwa anamtazama shingoni, maji yanavyoshuka. Akasubiri.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Kunywa tena."

Akanywa tena. Debora akasubiri zaidi. Kisha akakichukua kikombe, akapiga funda moja kubwa, mashavu yakatuna. Mama Agness akaachia pumzi, akasema, "Haya, si unaona!" Mtoto akaweka kikombe chini kwa adabu, akatoka nje taratibu kama anayekwenda kuangalia kuku.

Dorkas alikuwa karibu na dirisha. Alimwona akizunguka nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, pale alipodhani haonekani. Akainama, akatema. Akatema mara ya pili kumaliza yote, akajifuta ulimi kwa pindo la gauni. Halafu akasukuma vumbi kwa mguu, akapafukia pale palipolowa, akapakanyaga pawe sawa na pengine. Akarudi ndani.

"Asante mama," akasema. "Maji matamu."

Iliuma. Kwa mara ya kwanza tangu masika kitu kilimuuma Dorkas. Loo! Mtoto mdogo vile, na tayari anajua kumstahi mtu.

Dorkas akaingia chumbani, akautoa mfuko wa nguo, akamkabidhi mama mkwe wake mkononi.

"Rudi naye, mama."

"Unasemaje wewe? Si nimekwambia nimeridhika?"

"Wewe umeridhika. Yeye bado." Machozi yalikuwa yanashuka hata bila yeye kuyaita. "Akibaki hapa atashikwa na kiu, na mwenye maji ni mimi. Hataniomba, mama. Atanyamaza nayo, asinikosee heshima. Rudi naye. Ukipata nafasi uje naye tena, na mje na maji yenu."

Mama Agness akautazama ule mfuko mkononi mwake. Akageuka amtafute mjukuu. Debora alikuwa ameshavaa viatu, amesimama mlangoni.