Jina la Telesfori Mnarani

Masika ya mwaka 1995 yalipokatika, Verdiana alipewa na kamati ya mnara kazi ya kuandika upya majina kwenye mnara wa mashujaa, karibu na stesheni ya Mpanda. Alikuwa fundi wa mabango. Mumewe, Gaspar, alikuwa mmojawapo wa vijana kumi na mmoja waliopanda treni kwenda vita vya Kagera, wasirudi.

Siku ya tatu, jua la saa saba liliunyamazisha mji mzima. Chokaa ilimwakia machoni. Alipokuwa akipitisha brashi kwenye herufi za Gaspar, akahisi kama vijana wale wote wameketi nyuma yake, wakipumua taratibu, wakingoja zamu zao. Hakuogopa. Hakutaka hata kugeuka, wasije wakaondoka.

"Hodi, shemeji."

Aligeuka. Mwanamume mwembamba alisimama pale na gunia begani, akinuka asali na moshi. Verdiana alimtazama, kisha akatazama jina la saba mnarani, la rafiki wa Gaspar.

"Telesfori?"

"Ni mimi, mzima. Usikimbie."

Akamsimulia. Alijeruhiwa kichwani, akalala hospitali ya mbali miezi mingi bila kujijua. Aliporudi alishuka kwenye treni akakuta jina lake kwenye saruji, matanga yake yamekwisha zamani, na mama yake naye amezikwa. Aligeuza palepale, akaingia misitu ya Ugalla kurina asali.

"Miaka yote hii hukuja hata kwangu?"

"Niliogopa kukuletea uso wangu badala ya wake." Akainama. "Nilikuwa naye, shemeji. Tulimzika kwa mikono yetu, kwenye shamba la migomba. Asubuhi ile alikuwa anaimba."

Verdiana aliketi kwenye kokoto. Kila alipomwota Gaspar, alimwona akitembea, hafiki. Sasa aliiona migomba, mibichi, upepo ukiyapindua majani polepole, na chini yake mtu amelala. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Nimekuja uniondoe hapo," Telesfori alisema. "Nilisikia mnaandika upya."

Akafungua gunia, akatoa bonge la nta. Wakaiyeyusha kwenye kopo juu ya mkaa, wakaichanganya na chokaa, wakaziba nyufa za mnara, kisha herufi za jina la saba, moja baada ya nyingine. Nyuki wawili watatu walifuata harufu, wakazunguka vichwani mwao. Verdiana akalainisha kwa kisu.

"Kamati wakikuuliza?"

"Nitawaambia mwenye jina amekuja kulichukua."

Telesfori alipitisha kiganja pale palipokuwa laini, bado pana joto.

"Twende ukanywe chai," Verdiana alisema.

Kwa mama lishe, mzee mmoja aliinua kikombe, akamwona Telesfori, kikombe kikabaki hewani. Alimtazama sana usoni. Kisha akasogea kwenye benchi, akampisha akae.