Kila Atomu na Yake

Nafasi iliyobaki katika darasa la sayansi ilikuwa moja, na Sindano, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa wembamba wake, ndiye aliyekuwa akihojiwa. Akiikosa, shangazi yake alikwisha kumwambia, cherehani inamngoja.

Mkuu wa idara, ambaye wanafunzi walimwita Asidi, aliketi juu ya meza ya maabara akichezea kalamu nyekundu. Nyuma yake alisimama mwalimu mpya aliyemfundisha Sindano. Barua ya kumthibitisha kazini ilikuwa mfukoni mwake, ikingoja saini ya Asidi.

"Haya binti," Asidi akasema, "niundie molekuli ya maji kwa udongo na vijiti hivyo."

Sindano alichomeka vijiti viwili kwenye donge jekundu la udongo, oksijeni, akaviinamisha pande mbili, akatia donge jeupe la haidrojeni kwenye kila ncha.

"Mbona yamepinda? Yana kibiongo?"

Wanafunzi waliokuwa wakichungulia dirishani wakacheka.

"Oksijeni ina jozi mbili za elektroni zisizofungwa, mwalimu. Zinasukuma vile vifungo viwili."

"Na chaji zimekaaje?"

"Upande wa oksijeni hasi kidogo, wa haidrojeni chanya kidogo. Oksijeni ina nguvu, inachukua fungu kubwa."

"Inachukua?" Kalamu ikatulia. "Hebu niambie, kifungo chenyewe ni nini?"

"Ni atomu mbili kugawana elektroni."

"Zikishagawana?"

"Kila atomu inashika yake."

"Sasa kinachozishikanisha ni nini? Mate?" Dirisha zima likaangua kicheko. "Hiyo ni mirathi, mama, si kemia!"

Sindano alijikaza. "Nyumbani tulipogawanywa, mwalimu, mimi nilienda kwa shangazi, mdogo wangu akaenda kwa mama. Nikadhani..."

"Ukadhani atomu zimepeana talaka!"

Masikio ya mwalimu mpya yaliwaka. Neno lile lilikuwa lake. Alikuwa ameliandika ubaoni darasani kwa herufi kubwa, KUGAWANA, akafurahia wepesi wake. Hakusema kwamba jozi hubaki katikati, mali ya atomu zote mbili, na kwamba kubaki huko ndiko kunakofunga.

"Nani amekufundisha neno hilo?" Asidi aliuliza.

Sindano alimgeukia mwalimu mpya. Katika shule nzima ndiye pekee aliyewahi kumwambia ana akili. Alimtazama, akangoja. Mwalimu akainamia viatu vyake.

"Nimekosea mwenyewe," Sindano akasema.

Asidi akalikata jina lake kwenye orodha kwa mstari mmoja mwekundu. "Nenda kashone, mwanangu. Huko hakuna atakayekuuliza habari za elektroni."

Msichana alipotoka, kelele za dirishani zikamfuata ukumbini: "Mirathi! Mirathi!"

Asidi alimpiga mwalimu mpya begani. "Usisononeke, kijana. Wewe umefundisha, kichwa ndicho kigumu. Lete barua."

Mwalimu mpya aliitoa, akaishika kwa mikono miwili isiteleze mezani wakati inatiwa saini.

"Asante, mkuu," akasema.