Binti wa Askari wa Mbuga

Ndovu alikuwa amesimama katikati ya kambi yetu akinywa maji ya kusuuzia vyombo. Alitumbukiza mkonga ndani ya beseni langu, akavuta, akaupeleka kinywani bila haraka, kama mgeni aliyeizoea nyumba. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, sufuria mkononi. Nyuma yangu, ndani ya gari, madam Wahida alinong'ona kwenye upenyo wa dirisha:

"Roselyne, wewe ndiye unayewajua hawa. Tufanye nini?"

Hapo ndipo uongo wangu uliponifikia.

Uongo wenyewe niliutunga Jeddah, miezi miwili kabla, jikoni mwa nyumba yao ya mtaa wa Al-Nuzha, nilikokuwa mtumishi wa ndani. Asili yao ni Unguja. Wazee walihama mwaka wa sitini na nne, na hadi leo Kiswahili hakijatoka nyumbani kwao. Likizo ile walipanga wiki tatu za kulala mahemani, kutoka Zambia, kupitia Botswana, hadi Namibia. Mimi nilikuwa nipelekwe Riyadh, kwa dada yake madam anayekaa mtaa wa Olaya, kwenye watoto watano na jua la Agosti. Madam alikuwa ananiambia nianze kufunga mizigo, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Madam, mtaendaje porini bila mtu anayejua wanyama? Baba yangu alikuwa askari wa mbuga. Ndovu mimi nimekua nikiwaona kama mbuzi."

Baba yangu ni fundi wa baiskeli sokoni Mumias. Ndovu nilikuwa nimemwona kwenye kitabu cha darasa la pili, na hata huyo alikuwa amechorwa vibaya.

Lakini maneno yalishatoka. Mumewe, baba Saif, aliniombea ruhusa ya kutoka Saudia na kurudi, na kabla sijapata muda wa kutubu nikajikuta Livingstone nafunga viatu vya kupandia milima. Wiki mbili za kwanza niliokolewa na dereva wetu, Zacharia, Mzambia mpole asiyeharakisha neno. Kila alfajiri, tukiwasha moto, alinionyesha nyayo na kunitajia mnyama aliyeziacha. Ikifika saa sita namsimulia Bibi Hala, mama yake baba Saif, msimulizi wetu wa Unguja ya zamani, kana kwamba elimu ile niliinyonya kwenye ziwa la mama. Bibi alinisikiliza kidole mdomoni. Tumbili walituibia mkate, viboko walicheka mtoni kama wazee waliosikia umbeya, nami nililala kwenye hema langu peke yangu, bila kengele ya mtu kuniita. Ni mwaka wa tatu sasa tangu safari ile, na bado sijapata usingizi mtamu kama ule.

Asubuhi ya ndovu, baba Saif na Zacharia walikuwa wameazima gari la majirani wa kambi kwenda kuteka maji langoni. Bibi Hala alikuwa ameingia kuoga kwenye bafu la turubai lililofungwa mtini. Ndovu alimaliza beseni, akainua mkonga, akanusa hewa. Kisha akageuka kuelekea bafuni.

"Nani huyo?" Bibi aliuliza kutoka ndani. "Wahida?"

"Bibi, usitoke. Ni ndovu."

"Tembo? Mkubwa?"

Kivuli cha ndovu kilikuwa kimeshalifunika bafu zima. "Wa kadiri, Bibi."

Mkonga ulianza kulipapasa turubai, juu hadi chini, kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Nikakumbuka siku ya kwanza, Zacharia alivyotupekua masanduku ya chakula akitoa machungwa yote. Ndovu huyasikia harufu kutoka mbali, alisema, na akiyataka hupasua hata mlango wa gari.

"Bibi, una nini humo ndani?"

"Sabuni na taulo."

"Bibi!"

"Na machungwa mawili."

Ncha ya mkonga ikachungulia juu ya turubai.

"Sita! Sita, mwanangu, yamo mkobani! Niokoe roho yangu!"

"Yarushe upande wa mto! Mbali, moja moja!"

La kwanza liliangukia hatua mbili tu. La pili likaenda mbali zaidi. La tatu na yaliyobaki Bibi aliyarusha kwa nguvu ambazo sikujua anazo, yeye ambaye nyumbani hafungui hata mfuniko wa chupa. Ndovu akafikiri. Akaokota la kwanza, akalifuata la pili, akaondoka taratibu akiandama machungwa hadi kwenye matete. Nikaingia, nikamshika Bibi mkono, tukatembea hadi garini bila kukimbia. Alikuwa amejifunga kanga mbili, povu masikioni.

Madam alinikumbatia huku analia na kucheka. "Subhanallah! Damu ya askari haipotei!"

Ningeweza kunyamaza. Halas, yameisha, nilikuwa nimeshinda. Lakini nikawaza kwamba kama Bibi angeshikilia uongo wake wa machungwa mawili, sasa hivi tungekuwa tunalia kilio kingine.

"Madam, baba yangu hakuwa askari. Ni fundi wa baiskeli. Ndovu nimewajua na nyinyi, wiki hizi mbili."

Mkono wake ukatoka begani mwangu. Kichwani nikaiona tikiti ya Nairobi, ya kwenda tu. Nzi alizunguka kwenye kioo, akatua, akazunguka tena.

"Na mie," alisema Bibi Hala akijifuta sikio, "nilitoka Unguja nikiwa na miezi saba, nimebebwa."

Madam akageuka. "Mama! Na kile kisima cha uani kwenu Unguja? Na majirani wote unaotusimulia?"

"Hayo ya mama yangu. Yeye akisema, mie nikiona. Nikaogopa mkijua hamtanisikiliza tena."

Madam alimtazama mkwewe, akanitazama mimi. Kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda polepole. "Kumbe nimekuja na wenyeji wawili, na hakuna mwenyeji hata mmoja!"

Wanaume waliporudi, baba Saif aliuliza kuna nini. Madam akajibu, "Mama yako alikuwa anaoga." Zacharia alizitazama nyayo, akanitazama, akashusha madumu ya maji.

Kesho yake tulikuwa njiani kuelekea magharibi. Bibi alinigusa bega, akaonyesha mnyama aliyesimama kivulini, pembe zake zikipanda kwa msokoto.

"Roselyne, yule nani?"

Miaka miwili ndani ya nyumba ile, sikuwahi kuulizwa jambo nikakosa jibu.

"Sijui, Bibi," nikasema.

Gari likapunguza mwendo. Madam alifungua kitabu cha wanyama, akasogea kunipa nafasi kwenye kiti. "Njoo tumtafute."

Tukainamisha vichwa vitatu juu ya ukurasa mmoja, na yule mnyama akaendelea kula majani yake.