Joho Lililopandishwa Pindo

Asubuhi ya uchaguzi Meya alivaa joho mbele ya kioo cha ofisini, akakuta linaishia katikati ya muundi. Lilikuwa limepelekwa kwa fundi kurudishiwa kifungo kimoja tu.

Meya hakuwa mtu wa kuamini haraka. Alianza na kibanda cha mafuta ya taa, akawa mwenyekiti wa mtaa, akawa diwani, na kila alipopanda alimwacha mtu chini amenuna. Sasa mchana madiwani wangepiga kura: wamrudishe kwenye kiti au wamtupe nje.

Joho lilikuwa moja tu, mali ya halmashauri. Aliyelifupisha alishajua nani atalivaa. Na mfupi pale alikuwa mmoja: naibu wake, kaka wa mkewe.

Akampigia fundi. "Nani kakwambia ukate joho?"

"Sijakata, mheshimiwa, nimekunja tu. Mama alipolileta alisema nipandishe kidogo."

"Mama gani?"

"Mkeo, mheshimiwa."

Meya alikaa chini. Wiki nzima mke na kaka yake walikuwa wakinong'ona jikoni, na yeye akikohoa tu, wananyamaza. Akampigia mkewe.

"Joho umelifupisha kwa nini?"

"Ulilikanyaga siku ya kufungua soko ukapiga magoti mbele za watu. Unataka wakucheke na leo?"

"Na kaka yako mnanong'ona nini?"

"Anakuhangaikia kura, baba watoto. Wale madiwani wa kata za bondeni hawataki hata kukuona."

Jibu zuri. Zuri mno, tena limetoka haraka, kama lililopikwa mapema.

Kwenye korido ya ukumbi shemeji yake alimjia akitabasamu. "Shemeji, kaa kwa amani. Wale wa bondeni nimeshawaweka sawa."

"Umewaweka sawa kwa ajili ya nani?"

Madiwani waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo.

"Unasemaje?"

"Nauliza, ulipolijaribu joho lilikukaa vizuri? Au mabega yamekupwaya?"

Mtu akacheka nyuma yao. Shemeji alimtazama Meya usoni, tabasamu likimwisha polepole.

"Haya," alisema. Akaingia ukumbini, akapita kiti chake cha kila siku, akaenda kukaa na watu wa bondeni.

Kura zilipohesabiwa, umeya ulikwenda kwa diwani mmoja, nesi mstaafu, mwanamke mrefu ambaye Meya hakuwahi hata kumwazia. Kura za bondeni zote zilikuwa zake. Shemeji hakugombea chochote.

Nyumbani mkewe alikuwa amekaa sebuleni, simu mapajani. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Umeridhika sasa?" aliuliza.

"Si umeona mwenyewe?" alisema mumewe akivua viatu. "Kaka yako alikuwa upande wao tangu mwanzo."

Mke aliinuka na simu yake, akaingia chumbani, akafunga kwa ufunguo.

Mumewe alisubiri kidogo. Kisha akanyata kwa soksi mpaka mlangoni, akatega sikio ajue anampigia nani.