Chakula Chepesi

Msiniambie niseme kwa upole, upole nimeumaliza. Dada yangu Mwamvita aliota uvimbe titini. Tukampeleka hospitali ya Dar es Salaam, daktari wa Kizungu akaupapasa, akasema ni kansa, ila bado unaweza kukatwa. Lakini amedhoofu mno. Aende nyumbani, ale, apate nguvu, arudi baada ya Idi apasuliwe.

Ale nini? Hilo hakusema. Akatuambia tumwulize dresa wetu, mhudumu wa serikali katika zahanati ya Kisarawe, Bwana Saburi. Tulimkuta anafunga mlango, kaptula imepigwa pasi. "Mpeni chakula chepesi," akasema, "vizito vitamlemea."

Kwetu Vihingo mgonjwa hula uji, na uji mwepesi ni ule ambao ukiutia kikombeni unaona chini. Mama akaupika vivyo hivyo, kwa kuheshimu neno la serikali. Nikitaka kumchotea dada kunde za nazi, Mama ananipiga mkono. "Wewe umesomea wapi?"

Kila wiki tulimpeleka kwa Saburi. Alitazama titi, mashavu hakuyatazama.

"Anakula?"

"Anakula, bwana."

"Chepesi?"

"Chepesi."

"Vyema."

Vyema gani, na kanga iliyokuwa ikimkaa sawasawa sasa inamzunguka mara mbili?

Baada ya Idi yule daktari alimshika dada mkono, akauachia. Hapasuliki tena, akasema, atafia mezani. Akatuuliza kwa nini hatukumlisha.

Nilirudi Kisarawe nimefura. Nikamkabili Saburi barazani, wagonjwa wake wote wanasikia. "Chepesi ni nini?"

"Laini," akasema. "Samaki wa kuponda, mayai, maharage yaliyoiva sana. Mbona inajulikana."

"Inajulikana na nani? Wiki zote hizo unauliza kama anakula, hukuuliza anakula nini. Kuuliza si ujinga, wewe uliogopa nini?"

Akashusha sauti, ananionea huruma, na huruma ile nusura nimzabe kofi. "Basi, dada, sasa mpeni chochote anachokitaka."

Sasa.

Mwamvita alitaka samaki wa nazi. Nikampikia, tui zito, na hasira yangu yote. Akatafuna tonge moja, likamshinda kumeza, akalitoa akaliweka kiganjani mwangu.

"Niwekee," akasema. "Nitakula kesho."