Moshi wa Udi Kwenye Duara la Masele

Mwaka wa tisini na nne mume wangu Masele alikuwa na duara nje kidogo ya Segese. Duara ndilo jina la wachimbaji kwa shimo la dhahabu. Mwamba ulipowagomea yeye na wenzake, waliuwashia moto wa magogo humo chini ili upasuke. Kesho yake moshi ulikuwa umekwisha, naye akasema atashuka mchana. Kwake, moshi ukiisha hewa ni safi. Kibatari walichoteremsha kilizimika. Akasema utambi una maji. Masele akishataka jambo haishiwi sababu.

Nilikwenda dukani kwa Gulnaz kununua sukari ya uji, nikamsimulia huku nikicheka. Gulnaz alifundisha sayansi Shinyanga mjini kabla ya kuolewa na mwenye duka. Yeye hakucheka.

"Mama Limi, ameshashuka?"

"Bado."

Alichukua chetezo, udi na kamba, akafunga duka.

Shimoni wanaume walituzuia, maana wanaamini mwanamke akisogelea duara dhahabu hukimbia. Masele alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni.

"Rudini," akasema. "Mnanitia nuksi."

"Kama dhahabu inaogopa kanga, na ikimbie," nikamjibu. "Mimi namtaka mume."

Gulnaz alijipenyeza kati yao mpaka ukingoni. Aliwasha udi, akateremsha chetezo. Jua la saa sita lilimulika mpaka chini. Mwanzoni moshi ulipanda vizuri. Chetezo kilipofika katikati, makaa yakafifia, na moshi ukaacha kupanda. Ukajilaza, ukatanda ukuta hadi ukuta kama utando juu ya maziwa. Chini yake palikuwa peupe, pasafi kabisa.

"Hapo peupe ndipo penye kifo, baba," Gulnaz akamwambia. "Moto wenu umeacha kabonidioksaidi. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa. Imejaa humo kama maji kisimani, moshi unaelea juu yake."

Masele aliuchungulia ule utando, kisha akafungua kamba kiunoni. Nilikaa kwenye kifusi nikalia mbele za watu, wala sikuona haya.

Wakatundika turubai kukinga upepo na kuuingiza chini kwa bomba. Gulnaz alirudia kuteremsha udi, na kila mara utando ulikuwa umeshuka zaidi, mpaka jioni moshi ukapanda kutoka chini kabisa. Masele akashuka, akarudi mzima. Dhahabu haikukimbia, wala haikuwa nyingi.

Asubuhi alinifuata dukani. Gulnaz alikuwa rika la binti yetu wa kwanza, lakini Masele, na mvi zake, alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Gulnaz akanitazama mimi.

"Itikia, mwanangu," nikamwambia. "Uhai alio nao leo umempa wewe."

"Marahaba," akasema kwa sauti ndogo, na mume wangu akaipokea akiwa ameinamisha kichwa.